Filamu iliyong'aa: kisa cha uvimbe wa kisogoni na ramani iliyobaki kwenye mashine

Mtoto alikuwa na miaka 7, naye alifika amebebwa mgongoni na shangazi yake. Miguu ilikuwa mizima, haina jeraha wala uvimbe. Kisiwani kwao mtoto wa umri huo huchota maji na kukimbiza kuku, habebwi. Kwa hiyo kabla sijafungua bahasha ya picha nilishajua tunatafuta kitu kisogoni.

Familia imeniruhusu kukieleza kisa hiki. Mambo machache nimeyabadili ili wasitambulike, lakini ya kitabibu nimeyaacha yalivyo.

Kwao ni upande wa Buchosa, Ziwa Victoria mkoani Mwanza, na baba anavua dagaa. Miezi mitano kabla ya kufika kwetu mtoto alianza kuumwa kichwa alfajiri. Anaamka analia, anatapika mara moja, halafu nusu saa baadaye anaomba uji kana kwamba hakuna kilichotokea. Mama yake aliisema sentensi moja kila kituo alichopita: "Akishatapika, kichwa kinapoa." Sentensi hiyo ina uzito kuliko vipimo vyote alivyofanyiwa miezi ile. Mtu akilala, shinikizo ndani ya kichwa hupanda. Kama njia ya maji ya ubongo imebanwa, asubuhi ndiyo huwa mbaya kuliko saa zote.

Zahanati walimpima malaria, kipimo kikasoma chanya. Kwa ukanda wa ziwa, hilo si la kushangaza: mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria na wakati huohuo akawa na ugonjwa mwingine kabisa. Akatibiwa. Kichwa kikaendelea. Ikafuata dawa ya taifodi, ikaja ya minyoo, kisha ya kichocho, maana ni mtoto wa majini. Ukiichukua kila hatua peke yake, huwezi kusema mhudumu alikosea. Waganga walipitiwa pia. Sitawasema, kwani hawakumchelewesha kuliko tulivyomchelewesha sisi.

Mwezi wa tatu akaanza kuyumba. Babu yake akamtania: "Wewe unatembea kama umeshuka mtumbwini sasa hivi." Utani huo ulikuwa maelezo sahihi ya mtu ambaye serebelamu yake, ule ubongo mdogo wa kisogoni unaopanga mizani ya mwili, imekandamizwa. Shingo ikakaa upande, ikadhaniwa amelala vibaya. Siku aliponyoosha mkono kushika kikombe na kushika hewa, mama akafunga kanga, wakapanda kivuko cha Nyakaliro.

Njiani walilala hospitali moja. Usiku daktari wa zamu alifikiria homa ya uti wa mgongo, akataka kuvuta maji mgongoni. Muuguzi mzee akamwambia amwangalie kwanza mtoto anavyosimama. Maji hayakuvutwa. Nalitaja hili kwa vijana walioko zamu: uvimbe ukiwa kisogoni na maji yamejaa juu, ukiyatoa chini mgongoni ubongo unaweza kushuka na kukaba shina lake, na mtoto akaacha kupumua palepale kitandani.

Uvimbe kila mtu aliuona

Siti skani ilifanyika mjini, kituo ambacho sitakitaja. Ilionyesha uvimbe katikati ya serebelamu, upana wake kama sentimita nne na nusu, umeisukuma chemba ya nne, moja ya vyumba vya maji ya ubongo, na maji yamejaa kwenye chemba za juu. Usiku uleule madaktari wa upasuaji wa ubongo wakamtobolea njia mpya ya maji kwa kamera. Asubuhi aliamka bila kutapika kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Mama akadhani amepona, na ikawa vigumu kumweleza kwamba kazi yenyewe haijaanza.

Lakini siti skani ile ilipigwa moja kwa moja na dawa ya kontrasti, ile inayong'arisha picha, ili familia ilipie mzunguko mmoja badala ya miwili. Naielewa huruma hiyo. Gharama yake ilijitokeza baadaye. Picha isiyo na dawa ndiyo inayoonyesha uzito wa uvimbe wenyewe: meduloblastoma, saratani ya serebelamu inayowapata zaidi watoto, seli zake zimesongamana, kwa hiyo mara nyingi huonekana nyeupe kuliko ubongo unaoizunguka. Astrositoma ya pilositi, uvimbe wa daraja la 1, la chini kabisa, unaokaa sehemu hiyohiyo, mara nyingi huonekana mweusi kidogo. Dawa ikishaingia, zote mbili zinaweza kuwaka. Kinachong'aa kwa dawa watu huhesabu kibaya, na kwenye astrositoma ya pilositi kanuni hiyo haifanyi kazi: haina ukali wa saratani lakini huwaka kama taa.

Wiki hiyo akafanyiwa MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, pia mahali pengine. Ripoti ilisema uvimbe uko katikati, unawaka kwa dawa, na unang'aa kwenye picha ya mtawanyiko wa maji, kwa hiyo ni meduloblastoma. Ilikuwa mistari miwili, imepigwa muhuri.

Kwa ripoti hiyo mipango ikaanza kujipanga: kuchukua kinyama kidogo cha kupeleka maabara badala ya kuuondoa uvimbe wote, kisha safari ya tiba ya mionzi na dawa za saratani. Ndugu mmoja alishasema mtoto arudishwe nyumbani asiteswe. Baba alikuwa ameuza injini ya mtumbwi.

Picha moja bila mwenzake

Nililetewa bahasha ili nitoe maoni kabla ya kikao cha upasuaji. Ndani mlikuwa na filamu tatu na sidii. Nilizitundika filamu kwenye sanduku la mwanga. Ripoti haikusema uongo: kwenye picha ya mtawanyiko uvimbe uling'aa kweli. Ila ramani ya ADC, picha mwenza inayoonyesha maji yanatembea kiasi gani, haikuwepo, na bila hiyo ripoti haikuwa na haki ya kumaliza sentensi yake.

Nieleze kwa namna tunayoishi hapa. Picha ya mtawanyiko hupima jinsi chembe za maji zinavyotembea ndani ya tishu. Fikiria mwalo wa Kirumba hapa Mwanza saa moja asubuhi, mitumbwi imebanana ubavu kwa ubavu. Wa katikati hauna pa kwenda. Ndivyo maji yalivyo katikati ya seli zilizosongamana za meduloblastoma. Astrositoma ya pilositi ni kama ziwa wazi, seli ziko mbalimbali, maji yanazunguka. Mashine hupiga picha mbili, moja bila msukumo wa sumaku wa ziada na nyingine ukiwepo. Maji yanayotembea hupoteza mwanga kwenye picha ya pili, yaliyokwama hubaki na mwanga wao. Denis Le Bihan, Mfaransa, ndiye aliyeonyesha mwaka 1986 kwamba hilo linaweza kufanyika ndani ya ubongo wa mtu aliye hai.

Tatizo ni kwamba ile picha ya pili hung'aa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni maji kukwama. Ya pili ni tishu kuwa na maji mengi tangu mwanzo kiasi kwamba, hata ikipoteza mwanga, bado unabaki wa kutosha kumdanganya anayetazama. Kwa jicho huwezi kuzitenganisha. Ramani ya ADC huzitenganisha kwa sababu inahesabu ni kiasi gani cha mwanga kimepotea kati ya picha mbili: penye maji yaliyokwama ramani huwa nyeusi, penye maji yanayotembea huwa nyeupe. Ramani hiyo huundwa na mashine yenyewe na haiongezi hata dakika moja ya kipimo. Hapa iliundwa, ikahifadhiwa, ila aliyepanga picha za kuchapwa hakuiweka, kwa kuwa filamu ni ghali na nafasi zake zinahesabika.

Sidii ilikuwa na mikwaruzo. Kompyuta ya kwanza ikaikataa, ya pili ikaisoma taratibu, folda baada ya folda. Ramani ilikuwa ya mwisho kabisa.

Uvimbe ulikuwa mweupe.

Nikachora duara dogo ndani ya sehemu ngumu ya uvimbe, nikikwepa vifuko vya maji na mahali palipoonekana damu ya zamani, maana ukiingiza hivyo namba inakuwa ya takataka. Nikapata 1.62. Nikafuta, nikachora pengine: 1.58. Mara ya tatu 1.66. Serebelamu ya pembeni isiyo na ugonjwa ilisoma 0.75. Namba hizi ni za sehemu za elfu za milimita ya mraba kwa sekunde. Anayesoma ripoti hahitaji kuikariri hiyo, akumbuke tu kwamba ndogo ni msongamano na kubwa ni nafasi. Mwaka 2006 mtafiti Rumboldt na wenzake walichapisha vipimo vya watoto 32 wenye uvimbe wa serebelamu: zilizozidi 1.4 zilikuwa astrositoma ya pilositi, zilizokuwa chini ya 0.9 zilielekeza kwenye meduloblastoma, na ependimoma, aina nyingine ya uvimbe wa hapo, ziliangukia katikati. Watoto 32 si wengi, na mashine hazifanani. Ndiyo maana napenda kulinganisha na ubongo usio na ugonjwa wa mtoto yuleyule kuliko kushikilia namba ya kwenye karatasi. Namba ya uvimbe huu ilikuwa mara mbili na zaidi ya jirani yake.

Sikuandika "si meduloblastoma". Niliandika kwamba picha zinaelekea kwenye uvimbe wa daraja la chini, astrositoma ya pilositi ikiwa ya kwanza kwenye orodha, na kwamba upasuaji upangwe kwa nia ya kuutoa wote. Kisha nikaomba jambo ambalo wenzangu wawili waliliona la kupoteza pesa: aitwe tena, apigwe picha ya uti wa mgongo mzima kabla ya upasuaji, na mtawanyiko urudiwe kwenye mashine yetu.

Sababu ni hii. Kama namba zangu zimenidanganya na kweli ni meduloblastoma, ugonjwa huo hushuka na maji hadi mgongoni, na hali ya mgongo ndiyo inayoamua kiwango cha mionzi: kwa mtoto wa umri huu asiye na dalili za hatari zaidi, grei (kipimo cha mionzi) 23.4 ubongo wote na mgongo wote, ikiongezwa hadi 54 pale uvimbe ulipokuwa; akiwa wa hatari zaidi, ubongo na mgongo hupata 36. Baada ya upasuaji damu huteremka na kujipaka kwenye mishipa ya fahamu ya mgongo, nayo kwenye picha hufanana na mbegu za saratani. Ukikosa kupiga kabla, utasubiri wiki mbili hivi au zaidi ndipo uiamini picha yako. Tulimweka chini ya usingizi mwepesi, masikio yamezibwa, shangazi amekaa mlangoni. Mgongo ulikuwa safi. Mtawanyiko kwenye mashine yetu ulisoma 1.7.

Kuna aliyeuliza kwa nini hatukufanya spektroskopia, kile kipimo cha kemia ya uvimbe kwa MRI. Ni kipimo kizuri, ila kwenye astrositoma ya pilositi kina tabia ya kukutisha bure: kemikali ya kolini hupanda na ya lakteti hujitokeza kana kwamba unatazama uvimbe mkali. Kipimo kinachoweza kunirudisha kwenye kosa lilelile nililotoka kulirekebisha sikukihitaji siku hiyo. Ramani za nyuzi za ubongo nazo, zile za rangirangi zinazopendeza kwenye mihadhara, zingekuwa na kazi kama uvimbe ungekaa kwenye njia za mkono na mguu kule juu. Hapa daktari wa upasuaji alitaka kujua jambo moja kutoka kwangu: uvimbe umeshika sakafu ya chemba ya nne au umeilalia tu? Nilimjibu kwamba umeshika upande wa kulia, kipande kama cha milimita sita, kwingine umelalia.

Mazungumzo na baba

Niliombwa nimweleze baba, kwa kuwa alishaambiwa saratani na sasa anaambiwa labda siyo, na mtu akipewa habari mbili huacha kuziamini zote.

Alinisalimia, nikamwambia, "Baba, wewe unavua usiku. Ukiwa ufukweni ukaona taa ya wavuvi wa dagaa inawaka sana, utajuaje kama iko karibu, au iko mbali ila ina nguvu?"

Akafikiri. "Kwa kuangalia tu, hujui."

"Picha ya kwanza waliyoisoma ilikuwa hiyo taa."

Akatikisa kichwa. "Lakini daktari, mvuvi anajua. Haangalii mwanga, anaangalia inavyocheza. Ya karibu inacheza na wimbi. Ya mbali imetulia."

Nilikaa kimya kidogo. Nimefundisha wanafunzi ramani ya ADC kwa miaka na sijawahi kuieleza vizuri hivyo. Nikamwambia kuna picha ya pili inayopima inavyocheza, na ya mtoto wake inacheza sana. Akauliza kama hiyo ni uhakika. Nikasema hapana, uhakika utatoka maabara, lakini inatosha kuwafanya madaktari waingie na nia ya kutoa uvimbe wote. Akauliza kuhusu mionzi. Nikamwambia kama tuko sahihi hataihitaji, na kwa mtoto wa miaka 7 hilo si jambo dogo, kwa sababu mionzi ya kichwa chote hudumaza urefu na kupunguza kasi ya kujifunza shuleni. Harvey Cushing, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Marekani, yuleyule aliyeipa meduloblastoma jina pamoja na Percival Bailey mwaka 1925, alichapisha mwaka 1931 habari za wagonjwa wake 76 wa astrositoma za serebelamu, na tayari alishaona kwamba hawa waliendelea vizuri kuliko wenye meduloblastoma. Hakuwa na MRI. Ilimbidi afungue kichwa ndipo ajue anatazama ipi.

Hilo la Cushing sikumwambia baba.

Baada ya upasuaji

Upasuaji ulichukua karibu saa saba. Daktari alitoa karibu uvimbe wote na kuacha kwa makusudi utando mwembamba pale sakafuni upande wa kulia, akisema kwamba angeufuata angeharibu mishipa ya fahamu ya kumeza. Tulipiga MRI siku ya pili. Si hiari ya mtu kuchagua siku: ukivuka siku ya tatu, kovu changa nalo huanza kuwaka kwa dawa na hutajua kipi ni uvimbe uliobaki na kipi ni kidonda kinachopona. Utando ulionekana, unene wa milimita mbili hadi tatu. Patholojia, maabara inayochunguza kinyama, ikajibu baada ya siku kumi na tisa: astrositoma ya pilositi, daraja la 1. Uvimbe huu ukitolewa wote, zaidi ya watoto 90 kati ya 100 huwa hai baada ya miaka 10. Wa kwetu haukutoka wote, kwa hiyo namwekea alama ya kuuliza ndogo, na hakuna mionzi wala dawa aliyopewa. Anafuatiliwa kwa picha.

Mkono wa kulia bado unatetemeka akishika kalamu. Shingo imenyooka. Anaona vitu viwili akichoka.

Nilimpigia simu mwenzangu aliyeandika ile ripoti ya kwanza. Hakukasirika, alisema siku hiyo alisoma filamu kama zilivyomfikia, mgonjwa wa ishirini na kitu, na kompyuta ya kusomea ilikuwa imezimika. Mimi pia nina ripoti zangu za siku za namna hiyo. Tulikubaliana kwamba picha ya mtawanyiko haitachapwa tena bila ramani yake kando, hata kama itabidi kuacha picha nyingine mbili. Idarani kwetu mtaalamu wa mashine ameandika hivyo kwa kalamu nyekundu na kubandika juu ya kichapishi.

Mtoto alikuja mara ya mwisho akiwa ametimiza miezi tisa tangu upasuaji. Mara ya kwanza walikaa Busisi mchana mzima wakisubiri kivuko, mtoto anatapika kwenye beseni. Safari hii daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa limefunguliwa, Juni 2025, na shangazi alilalamika kwamba basi lilivuka haraka mno hata hakuliona ziwa vizuri. Mtoto alitembea mwenyewe kutoka getini. Utando uko vilevile, milimita mbili hadi tatu, haujasogea.

Kipimo kinachofuata ni baada ya miezi sita. Baba aliomba tarehe iangukie mbalamwezi, siku ambazo dagaa hawafuati taa na mitumbwi imepandishwa mchangani. Nikafungua kalenda, tukaitafuta pamoja.